Kulala hemani na watoto kando ya mto, Mlima Elgon

Dada, umeuliza kama unaweza kutoka Kisumu na watoto wadogo mkalale hemani kando ya mto huko Mlima Elgon, na kama kuna huduma. Nendeni. Huduma ndizo hakuna, na mimi naona afadhali hivyo.

Sisi huingilia geti la Chorlim la hifadhi ya taifa ya Mlima Elgon, upande wa Trans Nzoia. Kitale unapanda matatu ya Endebess, halafu bodaboda hadi getini. Mwenye gari dogo aogope Aprili na Mei, matope ya kule humlaza mtu njiani. Desemba hadi Februari ni pazuri. Kiingilio kinalipwa kwa eCitizen, tovuti ya malipo ya serikali, hawapokei noti, kwa hiyo malizana nacho ukiwa bado na mtandao.

Kambini ni nyasi, choo cha shimo, mahali pa kuwashia moto na mto unaovuma usiku kucha. Stima hakuna, duka hakuna. Kiberiti ukisahau, shauri yako.

Sisi wa ziwani baridi tunaidharau. Pale mko zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na kufika saa tisa usiku baridi inawapanda kutoka ardhini. Mablanketi mengi yawe ya kulalia, si ya kujifunika. Tandika magunia makavu kwanza, ndipo godoro. Msifunge hema kabisa kwa kuogopa upepo: alfajiri mtaamka turubai linadondosha maji ndani na mseme mvua imevuja, kumbe ni pumzi zenu.

Chakula kigumu kuiva pikia nyumbani. Kwa urefu ule maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, si 100, kwa hiyo githeri mbichi itawamalizia kuni na watoto walale njaa. Chemsha mahindi na maharagwe Kisumu, kule mkaange tu na kitunguu. Ugali hauna neno.

Hema lisikae ukingoni, hata kama picha zinapendeza. Mvua ikinyesha juu mlimani nyinyi hamuioni, mnaona tu maji yamegeuka rangi ya chai ya maziwa na mawe ya kuvukia yamezama. Pandeni kidogo, palipoinuka. Maji ya kunywa yachemsheni, hata yakiwa maangavu.

Kuhusu mapango, najua watoto watalilia Kitum. Ndovu huingia mle usiku kuchimba chumvi ukutani kwa pembe, na alama za pembe zinaonekana mchana. Nendeni na askari wa KWS (shirika la wanyamapori), mrudi kambini kabla ya jioni kwa sababu ya ndovu na nyati. Lakini mimi wangu huwa naishia nao mdomoni mwa pango. Mwaka 1980 na tena 1987 watu waliokuwa wametembelea pango hilo walikufa kwa homa ya Marburg, na baadaye virusi vyake vikapatikana kwa popo wa mle. Watalii wanaingia, ndiyo, ila mtoto hushika kila kitu kisha anajilamba vidole. Mbega juu ya miti watawatosha, na hao huja wenyewe hadi kambini.

Ukiona mdogo ana kifua, achana na hema ukodi mabanda ya Kapkuro, yako humo humo ndani ya hifadhi. Ni machache, kwa hiyo wahi kuweka nafasi, hasa shule zikifungwa.