Maswali ya wasomaji: Kuomba nafasi ya mafunzo kwenye kampuni za uwakili wa biashara

Barua za safari hii nyingi zimetoka kwa wanafunzi na wahitimu wa sheria wa Dodoma na Singida. Tumechagua tano.

Shikamooni. Nasoma sheria UDOM, mwaka wa tatu. Nimetuma maombi ya mafunzo kwa vitendo kwenye kampuni zaidi ya ishirini za mawakili jijini Dar es Salaam na sijajibiwa hata na moja. Barua niliyotuma nimeiambatisha hapa. Kosa liko wapi? – Msomaji, Ng'ong'ona

Marahaba. Barua tumeisoma. Kiingereza chake hakina neno, ila barua hiyohiyo ungeweza kuipeleka benki, kampuni ya bima au halmashauri kwa kubadilisha jina la mpokeaji tu. Aya ya kwanza inasema wewe ni mchapakazi mwenye ari ya kujifunza. Ya pili inaisifu kampuni kwamba inaongoza nchini, jambo ambalo wenyewe wanalijua. Msimu wa maombi, anayefungua barua pepe za ofisi anatafuta mambo matatu haraka haraka: unaomba kuanzia tarehe gani hadi tarehe gani, unataka kukaa na mawakili wa eneo gani, na una nini cha kuonyesha kwamba kazi yao unaifahamu. Barua yako haina hata moja.

Fungua tovuti ya kampuni, soma maeneo wanayofanyia kazi (mabenki na mikopo, kodi, madini, ajira, ununuzi wa kampuni), chagua moja, kisha andika aya ya namna hii: "Naomba kujifunza chini ya mawakili wa mabenki na mikopo kuanzia tarehe 13 Julai hadi 4 Septemba. Katika somo la sheria ya makampuni niliandika kazi kuhusu dhamana ambayo kampuni haikuisajili BRELA ndani ya siku 42, na hali ya mkopeshaji kampuni hiyo inapofilisika. Kurasa tatu za kazi hiyo nimeziambatisha." Ukituma, iwe kwa Kiingereza, maana nyaraka utakazoshika pale nyingi ni za lugha hiyo. Aya hii ina nguvu kwa sababu inagusa fedha za mteja: dhamana isiyosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, kwa muda huo haiwezi kusimama mbele ya mfilisi wala wadai wengine, na benki iliyodhani imejikinga inajikuta kwenye foleni pamoja na wauza vifaa vya ofisi.

Viambatisho viwe faili moja la PDF kwa mpangilio huu: barua ukurasa mmoja, CV isiyozidi kurasa mbili, barua ya utambulisho ya chuo, matokeo, halafu sampuli ya maandishi. Faili lipe jina lako na neno "maombi", si "Scan0047". Picha ya cheti iliyopigwa kwa simu juu ya kitanda, na maua ya shuka yanaonekana pembeni, tumeiona mara nyingi mno. Barua ya utambulisho iombe chuoni mapema kuliko unavyodhani inahitajika, kwa kuwa wote huizukia wiki moja.

Tena, umeziweka anwani za kampuni zote kwenye sehemu moja ya mpokeaji, kila mmoja akaona alivyo mmoja wa ishirini. Hapo maombi yalikufa kabla hayajasomwa. Tuma sita, kila moja na barua yake, kwa jina la mbia (partner) anayesimamia eneo ulilochagua au meneja rasilimali watu. Kama unataka kuanza Julai, zifike Machi au mwanzoni mwa Aprili. Zikipita siku kumi za kazi bila jibu, kumbusha mara moja kwa kujibu barua pepe ileile, au piga simu ya ofisi mchana. Asubuhi mawakili wengi wako mahakamani na unayemtafuta humpati.

Nimeitwa kwenye usaili na nimeambiwa kutakuwa na mtihani wa kuandika, saa moja na nusu. Wanauliza nini? – Mhitimu, Kisasa

Mara nyingi hawakuulizi tafsiri za misamiati ya darasani. Wanakupa mteja mwenye shida. Chukua mfano huu: mwekezaji kutoka nje anataka kununua asilimia 60 ya hisa za kampuni ya Kitanzania yenye ghala Dodoma. Mwandikie wakili wako dokezo la kurasa mbili kuhusu ya kuangalia kabla ya kusaini.

Wengi huanza na BRELA, na ni sawa: nani wakurugenzi, nani wanahisa, nani wamiliki manufaa (wanaofaidika na kampuni hasa, hata kama hisa ziko kwa majina ya wengine), na kama kuna dhamana iliyosajiliwa juu ya mali za kampuni. Kisha wanaorodhesha leseni na kodi, wanamaliza. Mtego uko kwenye ghala. Chini ya Sheria ya Ardhi, asiye raia hupata ardhi kwa ajili ya uwekezaji tu, na kampuni ambayo wanahisa wake wengi si raia nayo huhesabiwa si raia. Kwa hiyo hata kama hati ya kiwanja haibadilishwi jina, siku asilimia 60 ya hisa inapohama, hadhi ya mwenye hati imehama nayo. Hapo ndipo msahihishaji anapotafuta sentensi yako. Ukiiona, iweke juu kabisa, usiifukie ukurasa wa pili.

Jambo la pili linalosahaulika ni Tume ya Ushindani (FCC). Muunganiko, ukiwemo ununuzi wa hisa wa namna hii, unaovuka kikomo cha shilingi bilioni 3.5, kwa thamani ya mali au mauzo, lazima utolewe taarifa FCC kabla haujakamilika. Hesabu za kampuni zikiwa kwenye karatasi ya swali, ujue zimewekwa kwa sababu. Zitumie.

Angalia pia usije ukaonyesha kwamba noti zako zimechacha. Anayeandika kwamba mwekezaji ataenda TIC (kilichokuwa Kituo cha Uwekezaji) wakati tangu 2025 kazi hiyo iko TISEZA, mamlaka ya uwekezaji na maeneo maalumu ya kiuchumi, anajianika mwenyewe. Namba za vifungu nazo, kama huna uhakika, ziache: Toleo la Sheria la 2023, lililopanga upya sheria za nchi, lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2025, na ulichokariri mwaka wa kwanza huenda hakiko palepale. Taja sheria kwa jina na sema inadai nini.

Muda ugawe hivi: dakika 20 za kusoma na kupanga, 55 za kuandika, 15 za kusahihisha. Jibu kwanza, sababu baadaye. Wakili anayesoma dokezo akiwa njiani kumwona mteja hana nafasi ya historia ya sheria ya makampuni.

Kuna mtu ananiambia nimpe hela ya "usajili" anitafutie nafasi kwenye kampuni kubwa. Nimpe? – Chang'ombe, Dodoma

Usimpe. Nafasi ya mafunzo hainunuliwi kwa dalali. Swali la fedha ni lako kuiuliza ofisi, kwa maandishi, baada ya kukubaliwa: je, wanatoa posho, au nauli na chakula cha mchana, au hawatoi kitu? Zote tatu zipo, na ni bora ujue kabla hujapanga chumba.

Habari za kazi. Binti yangu amemaliza shahada ya sheria na anasubiri kwenda Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo. Anataka sheria za biashara. Je, hapa kanda ya kati kuna kitu, au nijifunge mkanda nimpeleke Dar? – Mzazi, Manyoni

Nzuri, mzazi wetu. Kampuni kubwa za uwakili wa biashara nyingi ziko Dar es Salaam, hilo halifichiki. Lakini Dodoma ina kitu ambacho ofisi hizo zinakifuata kwa treni: wadhibiti. EWURA (nishati na maji), Tume ya Madini na PPRA (ununuzi wa umma) ziko hapa, na Ofisi ya Mwanasheria Mkuu iko Mtumba. Ofisi ndogo ya mawakili ya Dodoma yenye wateja wa zabuni au leseni za madini itampa majalada halisi, wakati kwenye ofisi kubwa angeweza kumaliza wiki nyingi akipanga viambatisho. Ushauri wetu: miezi miwili au mitatu aitumie Dodoma kwenye ofisi ya namna hiyo, kisha aombe Dar akiwa na cha kusimulia.

Kwanza aulize kinachofanyika pale. Ofisi nyingi za mjini huishi kwa mirathi, talaka na kesi za viwanja. Ni kazi za heshima, ila hazimpeleki anakotaka. Aulize: mwezi uliopita mmeandaa mikataba ya aina gani?

Na ajue mipaka yake. Kabla ya kuapishwa na Jaji Mkuu na kuingia kwenye orodha ya mawakili, hasimami mahakamani kumwakilisha mteja wala hatoi huduma za uwakili kwa malipo. Anatafiti, anaandaa rasimu, wakili anasaini. Ofisi ikimtaka agonge muhuri wa wakili asiyekuwepo, aondoke siku hiyohiyo. Hilo litamkuta atakapoomba uwakili. Mafunzo ya Taasisi yenyewe ni mwaka mmoja na yana kipindi chake cha vitendo, kwa hiyo asidhani miezi ya sasa itahesabiwa huko.

Je, Mtanzania anaweza kuomba mafunzo kwenye kampuni za London? – Singida mjini

Anaweza. Kampuni kubwa za kule huajiri wanagenzi takribani miaka miwili kabla ya kuanza kazi, kwa hiyo anayetaka kuanza Septemba 2029 aanze kuangalia matangazo mwaka 2027. Tangu Septemba 2021 njia ya kuwa wakili (solicitor) wa Uingereza na Wales ni mitihani ya kufuzu iitwayo SQE, yenye sehemu mbili, pamoja na miaka miwili ya uzoefu wa kazi. Uzoefu huo unaweza kugawanywa kwenye ofisi zisizozidi nne, na unaweza kupatikana nje ya Uingereza, hata Dodoma, mradi uthibitishwe na wakili aliyesajiliwa kule. Hapo ndipo wengi hukwama. Kabla hujaanza, uliza kama kwenye ofisi kuna mwenye usajili huo, na tunza daftari la kazi ulizofanya wiki kwa wiki bila kutaja majina ya wateja. Daftari linaloandikwa kwa kumbukumbu baada ya mwaka mzima huwa na mapengo, na anayetakiwa kukuthibitishia atayaona.