Kwa mlioanza kazi kitengo cha TEHAMA: kabla hujakata gharama, jua unalipia nini

Wadogo zangu mlioingia kitengoni mwaka huu, nawapenda, na ndiyo maana naandika haya hasira ikiwa bado haijapoa. Juzi nimepitia tiketi za robo mwaka, yaani taarifa za hitilafu ambazo watumishi wametuletea. Printa ile ile ya uhasibu, kwenye tawi lile lile, inafunguliwa tiketi kila mwisho wa mwezi, na kila aliyeishika ameifunga kwa maneno mawili: "Imetatuliwa, restati." Siku hiyo hiyo nimekuta mezani pendekezo la mmoja wenu la kubana bajeti kwa kufuta laini ya pili ya intaneti, "kwa kuwa haitumiki". Makosa haya nayajua. Yalikuwapo kabla yenu, na walioyafanya baadhi yao leo ni mameneja. Nayaandika yote mara moja ili mwakani tugombane kuhusu mambo mapya.

1. Tiketi inayorudi haijatatuliwa.

Wengi wenu mna cheti cha ITIL, ule utaratibu wa kusimamia huduma za TEHAMA, au mnakisomea. Mkiulizwa kwenye mtihani tukio (huduma kukatika) ni lipi na tatizo (chanzo chake) ni lipi, mnajibu vizuri. Mkikaa kwenye dawati la huduma, saa ya SLA (makubaliano ya kiwango cha huduma tulichoahidi) inahesabu, tiketi inakaribia kuwa nyekundu, mnarestati na kufunga. Ripoti ya mwezi inapendeza, huduma imebaki mbovu vile vile.

Ile printa haikuwa na ubaya wowote. Foleni ya uchapishaji ilihifadhiwa kwenye diski ya mfumo ya seva, na diski hiyo hiyo ilikuwa inajazwa na kumbukumbu za programu ya kuzuia virusi. Siku za kawaida nafasi inatosha. Mwisho wa mwezi wahasibu wanatuma ripoti za mamia ya kurasa, diski inajaa, foleni inakufa. Ukirestati inapumua kidogo. Kuihamishia foleni diski nyingine ilikuwa kazi ya mchana mmoja.

Sasa piga hesabu ya ile restati. Kuna muda wako, kuna wahasibu wamekaa wanasubiri, na kuna jambo ambalo halipo kwenye tiketi hata moja, nililolisikia kwa mhudumu wa ofisi: mhasibu akichoka kusubiri anaweka ripoti kwenye flashi, anapanda bodaboda hadi steshenari ya karibu, anachapisha huko. Ripoti yenyewe ina mishahara ya watu. Faili linabaki kwenye kompyuta ya steshenari, na kesho yake mtoto wa shule anayekuja kuchapa kazi ya nyumbani anaweza kulifungua. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika, hilo ni kosa la kampuni nzima, na limezaliwa na tiketi tuliyoiita "imetatuliwa".

Kila Ijumaa zipange tiketi zilizofungwa kwa kifaa na tawi, si kwa jina la fundi. Zile tatu zilizojirudia zaidi ndizo kazi yako ya wiki inayofuata.

2. Orodhesha kwanza, kata baadaye.

Huduma, mwenye nayo, wanaoitumia, bei kwa mwezi, mwisho wa mkataba. Kisha nenda utumishi, omba orodha ya walioacha kazi, ilinganishe na akaunti za barua pepe zinazolipiwa leseni. Sijawahi kuona ofisi ambayo zoezi hili halikurudisha hela, na halimuumizi mtu.

3. Laini ya akiba.

Hapa nitakaa, kwa sababu saini iliyo kwenye mkataba wetu wa kwanza wa laini ya akiba ni yangu.

Tulikuwa na faiba moja makao makuu, Barabara ya Nyerere. Maghala ya Mwanza na Mbeya yote yanaingia kwenye seva ya Dar kutoa ankara na kuangalia salio la mzigo. Uongozi ukataka laini ya pili. Zikaja bei mbili: moja ya juu, ya mawimbi ya redio bila waya kutoka paa la jengo kuelekea upande mwingine kabisa wa mji, nyingine nafuu, faiba ya kampuni tofauti. Nikalinganisha kasi, bei, na asilimia za upatikanaji walizoahidi. Nikachagua ya nafuu, nikaandika kwenye ripoti kwamba sasa tuna watoa huduma wawili na hatari ya kukatika imekwisha. Kwenye dashibodi taa mbili zikawaka kijani, na tukazoea kuziona hivyo.

Kisha ukaja ujenzi wa barabara. Kijiko cha kuchimbia kikapasua bomba lililobeba kebo, na taa zote mbili zikawa nyekundu kwa pamoja. Yule mtoa huduma wa pili alikuwa amekodi nyuzi ndani ya kebo ya yule wa kwanza. Ni biashara ya kawaida kabisa, kampuni nyingi zinafanya hivyo, na hakuna aliyenidanganya. Mkataba uliahidi kasi na upatikanaji. Kuhusu njia ambayo waya unapita haukuwa na mstari hata mmoja, na mimi sikuuliza.

Mkitaka kujua gharama ya jambo hilo, msiangalie ankara ya intaneti. Muulizeni mtunza ghala wa Mwanza. Alitoa kaunta buku, akachora mistari kwa rula, akaanza kuandika mzigo unaotoka kwa mkono: jina la mteja, namba ya lori, katoni ngapi. Mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, ilikuwa inafanya kazi kwa laini yake ya simu, kwa hiyo risiti zilitoka, lakini salio la mzigo hakuliona. Mbeya nao wakawa wanauza kwa kaunta buku yao. Mzigo ule ule wa Dar uliokuwa uhamishwe ukaahidiwa wateja wawili. Madereva wakalala chini ya malori. Huduma iliporudi usiku tukaingiza kila kitu kwenye mfumo, hesabu zikakataa kuoana, ghala likafungwa ili mzigo uhesabiwe upya. Malipo ya muda wa ziada yakaingia kwenye bajeti ya ghala, fidia ya mteja ikaingia kwenye mauzo, na bajeti ya TEHAMA ikabaki safi, ikionyesha kwamba tumeokoa fedha. Niliumia sana kuiwasilisha ile ripoti, kwa sababu tarakimu zake zilikuwa sahihi na maana yake ilikuwa uongo.

Tukabadilisha laini ya pili. Safari hii nilitembea kwa miguu na fundi wao, chemba kwa chemba, hadi nikaona inapoachana na ile ya kwanza. Niliridhika. Halafu ikaja Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, kebo za intaneti za EASSy na Seacom zikakatika baharini kaskazini mwa Durban, Afrika Kusini. Upande wa kaskazini, kebo kadhaa za Bahari ya Shamu zilikuwa zimeharibika tangu Februari mwaka huo huo, kwa hiyo hata pa kukimbilia palikuwa pafinyu. Mnaikumbuka wiki hiyo ya intaneti kusumbua. Watoa huduma wetu wote wawili walikuwa wanategemea kebo hizo hizo kutoka nje ya nchi. Chemba za barabarani nilizikagua, kebo za baharini sikuziuliza.

Lakini wiki ile ilitufundisha kitu ambacho nataka mkishike. Ankara zilitoka na maghala yalifanya kazi, kwa sababu seva ya mauzo ilikuwa Dar na mawasiliano ya Dar na Mwanza hayavuki bahari. Kilichosimama ni barua pepe na mfumo wa kuidhinisha manunuzi, tuliouhamishia kwenye wingu, yaani seva za kukodi, lililoko Ulaya mwaka mmoja kabla kwa sababu ulikuwa nafuu. Siwakatazi kutumia wingu. Ninawaomba, kabla ya kuhamisha huduma yoyote, mwandike ni kazi gani itasimama siku bahari ikikatika, kisha mwenye kazi hiyo aisome na kuweka saini.

Kwa hiyo kwa mtoto wetu mwenye pendekezo la kufuta laini ya pili: sijalikataa, nimelirudisha. Ulizia mambo matatu. Waya unaingilia upande gani wa jengo? Unapita wapi hadi kituo cha mtoa huduma? Na ukitoka nchini unatumia kebo ipi? Majibu yawe ramani, na ramani iwe kiambatanisho cha mkataba. Kisha Jumamosi asubuhi, matawi yakiwa na taarifa, chomoa laini kuu kwa mkono wako. Ipigie simu Mbeya, waambie watoe ankara moja ya majaribio. Sisi tulipofanya hivyo mara ya kwanza laini ya akiba ilikuwa kijani kama kawaida, lakini ankara haikutoka: kwenye fayawoli, kifaa kinachochuja mawasiliano ya mtandao, hapakuwa na kanuni ya kuruhusu matawi kupita upande ule. Tumelipia miezi mingi kitu ambacho kisingetuvusha hata siku moja. Ukijaribu ukakuta laini zote mbili zinapita bomba moja, basi ifute na nitakusaidia kuitetea hoja yako. Ila jaribu kwanza.

4. Asilimia za SLA zibadilisheni ziwe saa.

Asilimia 99.5 inasikika vizuri kikaoni. Kwa mwezi wa siku 30 ni saa 3 na dakika 36 za kukosa huduma bila mtoa huduma kuvunja ahadi, na zinaweza kuangukia mchana wa tarehe ya mwisho wa mwezi. Asilimia 99.9 ni kama dakika 43. Mwambieni mkuu wa mauzo hizo saa, mwacheni achague anayoweza kuvumilia, halafu ndipo mjadili bei. Na someni kifungu cha fidia: mara nyingi ni punguzo dogo la ada ya mwezi, na hulipati usipolidai kwa maandishi ndani ya muda uliowekwa, ukiwa na saa ya kukatika na saa ya kurudi. Daftari la kukatika ni fedha. Lijazeni.

5. Bakapu (nakala ya akiba ya data) ambayo hujawahi kuirejesha usiihesabu.

Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni ambayo kazi yake ni kutunza kazi za waandika programu wengine, alifuta kwa bahati mbaya data kwenye seva iliyokuwa inatumika. Walipokimbilia bakapu wakagundua kwamba njia kadhaa walizozitegemea hazikuwa zinafanya kazi. Kilichowaokoa ni nakala iliyochukuliwa saa zipatazo sita kabla, na yote yaliyoingia baada ya hapo yakapotea. Waliandika hadharani kila kitu, na nawaheshimu kwa hilo. Kama imewakuta wao, barua pepe ya kila asubuhi inayosema "bakapu imefanikiwa" isikutulize. Kila robo mwaka rejesha hifadhidata ya mauzo kwenye seva ya majaribio, mwite mhasibu, mwambie atafute ankara anayoikumbuka. Mhasibu akiipata, bakapu ipo.

Hapa pia pana fedha ya kuokoa. Tulipoanza kurejesha tulikuta tunahifadhi nakala za miaka za folda ya filamu na picha za harusi za watumishi.

6. Mabadiliko yaanze na wachache.

Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024 sasisho moja la CrowdStrike, kampuni ya programu za usalama wa kompyuta, liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani, kwa sababu lilikwenda kwa wateja wote kwa mkupuo. Sisi tuna tawi dogo na watumishi wavumilivu wa Morogoro. Sasisho lianzie huko, lilale siku chache, ndipo liende kwingine. Na si siku ya mshahara, tafadhali.

7. Bei ya kununulia ni sehemu tu ya bei.

Tuliletewa kompyuta mpakato zilizotumika, bei ya kutupa, zisizoweza kuwekwa Windows 11. Windows 10 ilikuwa inaishiwa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Aliyeleta ofa alijua, aliyetaka kuzinunua hakuuliza. Kabla ya kununua chochote, iwe mashine au programu, uliza kitasasishwa hadi lini, vipuri viko wapi, na nani hapa Dar anaweza kukifungua. Tazama pia fedha iliyoandikwa kwenye mkataba: huduma ya wingu inayotozwa kwa dola hupanda bei shilingi ikishuka, hata kama hujaongeza mtumiaji hata mmoja.

Na mikataba yenyewe. Mingi inajihuisha usipotoa notisi kabla ya siku zilizotajwa, na siku hizo huwa zimeandikwa mbali na ukurasa wa bei. Tumewahi kulipia mwaka mzima mfumo ambao hakuna aliyeufungua, kwa sababu aliyekuwa anakumbuka tarehe ya notisi alihama na kalenda ilikuwa kwenye simu yake. Tarehe za notisi zikae kwenye kalenda ya kitengo, zikumbushe watu wawili, mmoja wao awe wa manunuzi. Aliye na mkataba asiouelewa aje nao Jumanne mchana, kurasa zote pamoja na viambatanisho, tuusome pamoja kifungu kwa kifungu.