Mume wangu anazidi kuvaa viatu vikubwa

SWALI: Shikamoo daktari. Mume wangu ana miaka 44. Tulipooana alivaa kiatu namba 42, sasa hata 45 inambana. Pete ya ndoa ilibidi ikatwe na sonara, iligoma kutoka. Anakoroma mpaka watoto wanamsikia chumba cha pili, na jasho linamtoka hata kwenye baridi. Tulikokwenda tuliambiwa ni unene, lakini mkanda wake anafunga tundu lilelile. Niwe na wasiwasi? – Mama Wawili

JIBU: Marahaba, Mama Wawili. Huo mkanda umenieleza mengi. Anayenenepa hawezi kuongeza nyayo akaliacha tumbo.

Ninachokishuku ni akromegali. Tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo na haizidi punje ya njegere, huota kivimbe kinachomwaga homoni ya ukuaji kupita kiasi. Mara nyingi sana si saratani, kwa hiyo pumua. Kingemwota utotoni, kabla mifupa haijafunga, angerefuka bila kikomo kama Robert Wadlow wa Marekani, aliyefika mita 2.72. Kwa mtu mzima urefu umeshakwisha, hivyo hupanuka taya, vidole na nyayo. Ulimi nao hunenepa, ndiyo maana ya huko kukoroma.

Toa picha za harusi na za miaka iliyofuata, zipange mezani. Angalia taya la chini na mianya ya meno. Anayemwona kila siku hagundui, ila picha hazifichi. Nenda nazo kwa daktari wa homoni.

Mwombeni kipimo cha damu cha IGF-1, kemikali ambayo mwili huitengeneza kwa kuchochewa na homoni ya ukuaji, na ambayo kiwango chake hutulia. Kupima homoni ya ukuaji mara moja tu hakutoshi, maana hupanda na kushuka kutwa nzima. IGF-1 ikiwa juu, atanyweshwa glukosi gramu 75: kwa asiyeumwa, homoni ya ukuaji hushuka; kwa mgonjwa hugoma. Kisha MRI, yaani picha ya ndani ya kichwa inayopigwa kwa sumaku.

Tiba ya kwanza huwa upasuaji, na hupitia puani. Kikibaki kipande, kuna sindano za kuzuia homoni hiyo, kama okreotidi, na mionzi. Vidole na ulimi hupungua kiasi. Mfupa uliokwisha kupanuka haurudi, kwa hiyo viatu vya 42 wapeni wengine. Msichelewe, kwani ugonjwa huu huleta kisukari, presha na moyo kutanuka.

Na akianza kugonga miimo ya milango au kutoona wanaomjia kwa pembeni, msingoje miadi: kivimbe kimefika kwenye neva za macho. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo.