Re: Je, Warumi waliwasaka Wakristo tangu mwanzo?

Mkuu, si tangu mwanzo. Ugomvi ulianzia Yerusalemu, na Baraza la Wayahudi ndilo lililowakamata mitume. Hata humo, Gamalieli, Farisayo kabisa, alishauri waachwe. Kule Korintho, liwali Galio alikataa hata kusikiliza mashtaka dhidi ya Paulo (Matendo 18).

Kaisari Nero aliwasingizia Wakristo moto wa Roma mwaka 64, lakini yale yalikuwa ya mji ule. Ukitaka kuona dola ilivyofikiri, soma barua ya gavana Plinius wa Bithinia (Uturuki ya leo) kwa Kaisari Trajan, mnamo mwaka 112. Mshtakiwa aliulizwa mara tatu kama ni Mkristo. Aking'ang'ania, anauawa, ila raia wa Roma walipelekwa Roma. Akikana, akafukiza ubani mbele ya sanamu ya Kaisari na kumlaani Kristo, anaachiwa. Trajan akajibu: wasitafutwe, ila wakishtakiwa na kuthibitika, waadhibiwe. Sheria ya ajabu kweli! Tertullian, mwandishi Mkristo, aliikejeli baadaye: kama wana hatia, mbona hawatafutwi?

Amri ya dola nzima ilikuja na Kaisari Decius, karibu mwaka 250: watu watoe sadaka kwa miungu, wapewe cheti cha kuthibitisha. Baadhi ya vyeti hivyo vimepatikana Misri.