Saa za mashine: usinunue boti kwa kuangalia mita tu

Wadogo zangu mnaotaka kuingia kwenye boti, iwe ya kupeleka wageni kisiwani Mbudya, ya kuvua au ya kutembea na familia, swali mnalokimbilia wote ni moja: "mashine ina saa ngapi?", yaani mita ya saa inaonyesha injini imefanya kazi saa ngapi tangu ikiwa mpya. Swali ni la maana sana, ila wauzaji na madalali wanalijua, na wanajua pia kwamba mkisikia saa 200 mnaacha kuuliza mengine. Hapo ndo watu wanapigwa.

Kwanza saa moja ya mashine ya boti ni nzito. Gari linapumzika kwenye foleni, linashuka mteremko, boti haina mteremko, ukishaondoka mashine inasukuma mzigo raundi 4000 na kitu kwa dakika mpaka mfike mnakokwenda. Kwa hiyo saa 1000 usizione ndogo. Fo-stroki ya petroli (isiyochanganywa oili kwenye petroli) ikitunzwa inafika 1500, 2000 na zaidi kabla ya kufunguliwa kwa matengenezo makubwa, dizeli ya kufungwa ndani ya boti ndo inaenda maelfu zaidi, na isiyotunzwa inaweza kufa hata kabla ya 500. Sasa mtu akikutajia namba usiitikie tu, piga hesabu pale pale. Mwenye boti ya starehe anayetoka kila wikendi kwa muda wa saa mbili anapata kama saa 100 kwa mwaka. Boti ya watalii inayotembea saa tatu kwa siku, siku 300, hiyo ni saa 900 kwa mwaka mmoja. Ukikuta boti ina miaka sita, imebeba wageni Nungwi miaka yote hiyo, halafu mita inasoma 350, basi mita ni mpya au ilikufa zamani, au mashine yenyewe ilibadilishwa.

Na mita yenyewe ni kidude cha kufunga na waya, inabadilishwa kwa dakika chache. Nyingine zinahesabu ukiwasha ufunguo tu hata kama mashine imezima, kwa hiyo inaweza kudanganya kwenda juu pia. Halafu mashine ndogo za tu-stroki (za kuchanganya oili kwenye petroli) kama hizi Yamaha Enduro za nguvu farasi 15 na 40 ambazo zimejaa pwani nzima hazina mita kabisa, kwa hiyo mtu akikuambia "hii 40 ina saa 150" ametoa kichwani, mwache aseme wewe endelea kukagua.

Fo-stroki za kisasa zenye injekta zina kompyuta, na kompyuta inaweka saa zake yenyewe. Tafuta fundi mwenye laptop na programu ya mashine hiyo, Yamaha wana yao, Mercury na Suzuki wana zao, mlipe, hiyo hela haipotei. Utamu wake ni kwamba nyingi zinakuonyesha saa zimegawanyika kwa raundi, na hapa naomba mtulie kidogo manake saa hazifanani. Boti ya kukokota mishipi kule Watamu, Kenya, inaweza kukaa baharini saa nane kwa mwendo wa noti 6 mpaka 8 (kama kilomita 11 mpaka 15 kwa saa), mashine inaguruma taratibu tu. Boti ya kukimbiza abiria inapigwa karibu na mwisho kila safari. Zote zinaweza kuwa na saa 800 lakini mimi sitazilipia bei moja. Angalia pia kama kompyuta ina kumbukumbu ya joto kuzidi au oili kushuka. Kompyuta nayo inaweza kuwa imetolewa kwenye mashine nyingine, ndo maana lazima ulinganishe na mwili wa boti.

Mwili haudanganyi kirahisi. Shika mpini wa gia, ule mchoro wa kwenye mpira umelika umekuwa laini? Angalia tundu la ufunguo, usukani pale mikono inapokaa, kiti cha nahodha, lile pezi la chuma chini ya pangaboi limesagika kiasi gani. Kuna moja niliitwa kuiangalia Kunduchi, mita inasema 180, skrubu za dashibodi zote zina kutu ya kijani ila mbili za mita zinang'aa kama zimetoka dukani jana. Mteja tulimwambia tuondoke, hatukufungua hata kofia ya mashine.

Sasa kitu ambacho wanunuzi wapya hawakiamini: saa chache kwenye mashine ya zamani zinanitisha kuliko saa nyingi kwenye mashine inayofanya kazi. Mashine ya miaka 12 yenye saa 90, iwe imetoka Dubai au imelala uani kwa mtu, imekaa na chumvi ndani ya njia za maji, impela ya pampu ya maji imekauka, petroli imekuwa gundi, sili zimekakamaa. Yenye 900 iliyosuuzwa maji baridi (yasiyo na chumvi) kila jioni na kubadilishwa oili kila saa 100, ikiwa na daftari lake, hiyo naichukua.

Ukifika kukagua weka mkono kwenye mashine kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto wameipasha ili usione inavyosumbua asubuhi, rudi kesho. Legeza skrubu ya chini ya giaboksi, oili ikitoka rangi ya maziwa maji yameingia. Pima kampreshani (mgandamizo wa hewa) silinda zote, zisipishane zaidi ya asilimia 10 hivi, tatu zikisoma 180 na moja 145 saa za kwenye mita hazina maana tena. Halafu nendeni baharini na watu ndani, fungua mwisho. Yamaha F150 (fo-stroki ya nguvu farasi 150) inatakiwa ifike kati ya raundi 5000 na 6000, ikigoma 4400 ni pangaboi si lake au mashine imechoka, na fundi aseme ni kipi kabla hujatoa hela. Mnaonunua Mwanza chumvi hamna, ila magugu maji yanaziba njia ya maji, kwa hiyo angalieni rangi ya hedi (kichwa cha silinda) kama imeungua.

Bei nayo ifuate saa. Mkanda wa taiming kwenye F150 unabadilishwa kwa saa 1000 au miaka mitano, kwa hiyo boti ya saa 950 unanunua pamoja na hiyo sevisi, omba wakupunguzie kiasi hicho hicho, na ulizia bei ya spea mjini kabla hamjakaa kuzungumza.