Akita au Shiba kwa nyumba yenye watoto?

Umeuliza uchukue Akita au Shiba, aina mbili za mbwa wenye asili ya Japani. Watoto wana miaka 4 na 7, hamjawahi kufuga mbwa, na umeambiwa Shiba ni Akita mdogo tu. Si kweli. Wanafanana masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja mgongoni, basi.

Shiba dume ana urefu wa sentimita 40 hivi begani na uzito wa kilo 10. Akita wa Kijapani dume hufika sentimita 67 na kilo 35 au zaidi. Yule wa Kimarekani ni mzito kuliko huyo, kwa hiyo muulize muuzaji anauza yupi. Akita alitumiwa kuwinda dubu kaskazini mwa Japani, baadaye akapiganishwa na mbwa wenzake. Ndiyo maana wengi hawavumilii mbwa mwingine, hasa wa jinsia yao. Usifuge Akita dume pamoja na mbwa mwingine dume. Wa nyumbani kwake hushikamana nao sana, lakini ni mkimya na anaweza kung'ata bila kunguruma kwanza. Rafiki wa mwanao akija, wakaanza kukimbizana na kupiga mayowe, Akita anaweza kudhani mtoto wa nyumbani anashambuliwa. Wageni wakiwepo, mfungie chumba chake.

Kwa Shiba tatizo ni mlango. Ukiacha upenyo anachomoka, na ukimwita harudi, kwa hiyo nje awe kwenye kamba siku zote. Kagua chini ya geti, maana huchimba. Akita yeye anahitaji ukuta wa mita 1.8. Shiba pia hapendi kushikwashikwa: akikatwa kucha hupiga ukelele ambao jirani atadhani anachinjwa. Dawa yake ni kuanza mapema. Tangu wiki ya 8 mguse miguu, masikio na mdomo dakika 2 kila siku huku ukimpa vipande vya nyama, kisha umkate ukucha mmoja kwa siku. Ukisubiri mpaka miezi 5 kazi huwa ngumu mno. Akishika kitu, badilishana naye kwa nyama. Ukimpokonya unamfundisha kulinda vitu, na anayeng'atwa huwa ni mtoto.

Makombo yenye mchuzi wa kitunguu, marufuku kwa wote wawili. Kitunguu ni sumu kwa mbwa yeyote, ila baadhi ya Akita na Shiba huzaliwa na chembe nyekundu za damu zenye potasiamu nyingi, na chembe hizo huvunjika upesi zaidi. Mkumbushe daktari wa mifugo hilo, kwa sababu damu ikikaa kabla ya kupimwa, potasiamu husomeka juu ingawa mbwa si mgonjwa.

Akita hushikwa na tumbo kujaa gesi na kujipinda. Mgawie chakula mara mbili kwa siku, asikimbie saa nzima baada ya kula. Akijaribu kutapika na kitu hakitoki, mpeleke saa hiyo hiyo, usingoje kuche. Macho yakiwa mekundu huku pua au midomo ikipauka, hiyo inaweza kuwa kinga ya mwili inayojishambulia, na humpofusha asipotibiwa haraka. Shiba husumbuliwa na kifupa cha goti kuteguka, mzio wa ngozi na presha ya macho.

Manyoya yao ni ya tabaka mbili, hupukutika kwa wingi mara mbili kwa mwaka. Usimnyoe hata kukiwa na joto; mchane, na mtembeze kabla ya saa 1 asubuhi.

Kwa umri wa watoto wako, mimi ningechukua Shiba. Kosa la mbwa wa kilo 10 hurekebishika. La mbwa wa kilo 40 huenda lisirekebishike. Ukimpata mkubwa wa miaka 2 au 3 aliyekulia na watoto, ni bora kuliko kinda. Akita msubiri mpaka mtoto wenu mdogo afike miaka 10 hivi. Na yeyote utakayemchukua akiwa kinda, omba kumwona mama yake: akijificha au akikungurumia muda wote, usinunue hapo.