Kupata wateja wa ofisi ya uhasibu kwa kuwaeleza sheria mpya: uzoefu wangu

Mkuu, umeuliza mtu aliyefungua ofisi ndogo ya uhasibu Mwanza atapataje wateja ikiwa hana hela ya matangazo na bado hana jina mjini. Waliotangulia kukujibu wamekushauri mabango, wengine ulipie matangazo ya Instagram. Mimi nafanya kazi hiyohiyo hapa Arusha, na wateja wangu wengi ni shule binafsi, gesti na zahanati. Sehemu kubwa yao waliingia kwa njia moja: sheria mpya ilitoka, hawakujua inawadai nini, nikawaeleza mpaka wakaelewa, kabla hatujazungumza habari ya malipo.

Chukua Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ilitungwa mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa na Rais Samia Aprili 2024. Inamtaka anayekusanya au kuchakata taarifa binafsi ajisajili Tume, awe na afisa wa kusimamia ulinzi wa taarifa hizo, na aweze kusema anazikusanya kwa sababu gani. Msomee mwenye gesti maneno hayo, atakuitikia "sawa, sawa" na kurudi kwenye simu yake. Anaona ni mambo ya mabenki na kampuni za simu.

Sasa mwombe akuonyeshe kitabu cha wageni. Kiko wazi hapo mapokezi: jina, namba ya simu, namba ya kitambulisho, ametoka wapi, anakwenda wapi. Mgeni anayejaza leo anasoma habari za wote waliolala juzi na jana. Mume anayemtafuta mke aliyekimbia kipigo akifika hapo hana haja ya kumuuliza mtu, anafunua tu ukurasa. Nimewaeleza hivyo wenye gesti kadhaa, na sijaona aliyebaki akidhani sheria hii ni ya benki. Swali linalofuata huwa ni lilelile: "Sasa nifanyeje?" Na kazi yako inaanzia hapo.

Shuleni ni vivyo hivyo. Fomu ya kujiunga inauliza dini, kabila, magonjwa ya mtoto, kazi ya baba, halafu inakaa kwenye faili lisilofungwa. Picha za watoto ziko kwenye bango la barabarani na mzazi hakuulizwa. Taarifa za watoto na za afya sheria inazihesabu kuwa nyeti, zina ulinzi wa ziada. Huwa nawaeleza wakuu wa shule kisa cha Kenya, ambako Septemba 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa shilingi milioni 4.55 za huko kwa kuweka picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Nakitumia kwa sababu kinamwonyesha mkuu wa shule kosa analoweza kulirekebisha wiki hiyohiyo: fomu ya ridhaa, mistari michache, mzazi anasaini.

Hapa nikuombe kitu, mkuu, na nakiomba kwa moyo wote. Usiuze hofu. Kuna watu wanapita maofisini na faini ya bilioni 5 mdomoni, ambayo ni kiwango cha juu kabisa kwa kampuni, wanaitaja kana kwamba mwenye duka la dawa atapigwa faini hiyo kesho asubuhi. Halafu wanamtoza hela nyingi kwa usajili ambao angeweza kuufanya mwenyewe kwenye mfumo wa Tume. Tulishaliona hili wakati wa mashine za EFD, zile za kutoa risiti za kielektroniki. Mwaka 2013 zilipoanza kupelekwa kwa wafanyabiashara wasiosajiliwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani), maduka yalifungwa miji mingi kwa mgomo. Bei ya mashine ilikuwa sababu, lakini kulikuwa pia na watu walioamini mashine yenyewe ni kodi mpya. Mtu aliyekaa na muuza duka akamwonyesha kwamba inarekodi mauzo tu alikuwa adimu sana. Wafanyabiashara wale walistahili maelezo.

Kipimo changu ni hiki: je, ninamweleza mteja hata sheria inayonipunguzia mimi kipato? Julai 2023 kiwango cha mauzo cha kulazimika kusajiliwa VAT kilipanda kutoka milioni 100 kwa mwaka hadi milioni 200. Baadhi ya wateja niliokuwa nawajazia ritani (fomu ya kodi) ya VAT kila mwezi walikuwa chini ya hapo. Niliwaita mmoja mmoja, tukaangalia mauzo yao, tukapima kama inawafaa kuomba kufutiwa usajili au kubaki, maana anayewauzia makampuni yanayodai risiti ya VAT huenda akapoteza soko akitoka. Waliotoka nilikosa ada yao ya ritani ile. Lakini ndio walionitafutia watu kuliko tangazo lolote: shemeji mwenye hadiweya, mama wa kikoba mwenye zahanati, na kuendelea.

Kwa vitendo, ninachofanya ni karatasi moja. Upande mmoja tu, Kiswahili cha kawaida, na kila dai lina namba ya kifungu ili anayetaka akasome mwenyewe. Inasema sheria inamhusu nani na haimhusu nani, kitu gani afanye mwenyewe bure, kitu gani kinahitaji mtaalamu, na tarehe niliyoiandika, kwa sababu mambo hubadilika. Muda wa kujisajili Tume, kwa mfano, ulisogezwa kutoka mwisho wa Desemba 2024 hadi mwisho wa Aprili 2025. Aliyekuwa na karatasi ya zamani angetoa taarifa ya uongo bila kujua. Sehemu ya "haikuhusu" iandike kwa uangalifu kuliko zote. Wengi wanaiacha kwa kuogopa kupoteza mteja.

Karatasi hiyo usiitume kwa meseji za jumla kwa namba ulizookota kwenye magrupu. Sheria unayoifundisha inampa mtu haki ya kukataa taarifa zake zitumike kumtangazia biashara, na mteja makini atakuuliza namba yake umeipata wapi. Ipeleke watu walipokwisha kukusanyika: vikao vya wenye shule, umoja wa wenye gesti, soko lenye uongozi wake. Omba dakika 15, mfano mmoja, halafu maswali. Maswali yenyewe yaandike. Ndiyo yatakayokuambia karatasi ijayo iwe ya nini.

Jambo la mipaka. Wewe ni mhasibu, si wakili. Ukifika kwenye mkataba, shauri, au mtu aliyeshapokea malalamiko rasmi, mpeleke kwa wakili na useme wazi kwamba hapo si kwako. Mawakili wamebanwa na kanuni zao katika kujitangaza, kwa hiyo anayewapelekea kazi kwa uaminifu wanamkumbuka wakipata mteja mwenye vitabu vya hesabu vilivyovurugika. Na sisi pia tuna maadili ya taaluma: jitangaze kwa ukweli, bila kutia chumvi na bila kuwaponda wenzako.

Kuhusu bei, maelezo ya kwanza sitozi. Natoza kazi: kupitia fomu, kuandaa sera ya faragha, kupanga nani anashika faili gani, kuwafundisha wafanyakazi wa mapokezi. Kwa gesti ndogo hiyo ni kazi ya siku moja, na wengi wakishaniona nafanya hiyo ndipo wanapotoa lile boksi la risiti chini ya kaunta na kuuliza kama ninaweza kuwasaidia na hilo pia.

Kwa Mwanza ningeanza na zahanati na wakopeshaji wadogo. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo ya mtandaoni zisizo na leseni, na wakopeshaji halali wengi bado wanaulizwa na wateja wao kama nao, kama zile programu, watawatumia ndugu zao meseji za kuwadhalilisha wakichelewa kulipa. Mkopeshaji mwenye leseni anayeweza kumjibu mteja huyo kwa maandishi, kifungu kwa kifungu, anauza zaidi. Mtengenezee jibu hilo, mkuu. Ukikwama kwenye karatasi ya kwanza, iweke hapa tuipitie pamoja.